Faluda ya Matunda kwa Siku ya Karamu



Katika ukurasa huu mmezoea kusoma habari za malezi ya watoto, na bustani, na usafi wa nyumba. Mwezi huu twaomba ruhusa kuwaandikia habari ya kitu kitamu cha mwisho wa karamu, kinachofanyizwa kwa matunda, pasipo tanuri, pasipo mayai wala unga wa ngano. Huenda mwalimu mmoja akasema ya kuwa jambo hili ni dogo, na liachwe kwa wanawake huko jikoni. Nasi tulidhani hivyo, mume na mke pamoja, hata siku ile bakuli la jeli lilipotutia aibu mbele ya mtu ambaye tulikuwa tumemngojea mezani petu miaka 11.

Nyumba yetu i karibu na Muheza, katika nchi ya michungwa. Mmoja wetu alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu huko Pangani, akabatizwa akiwa mtu mzima. Mama yake, ambaye sote wawili twamwita Mama, hakumfukuza wala hakumlaani. Alilia siku tatu, kisha akanyamaza. Baada ya hayo alikuwa akija kututazama mara mbili au tatu kila mwaka, akiwabeba watoto na kuwafundisha kusuka ukili, akilala kwetu juma zima. Lakini chakula chetu hakukila. Alikuja na mkate wake kikapuni. Alikunywa maji na kahawa. Tukimpa chungwa, alilimenya mwenyewe kwa kisu chake. Hakutuambia neno baya hata siku moja, alisema tu, “Nimeshiba, wanangu.” Kila msomaji aliye na jamaa wa dini nyingine ajua jinsi neno hilo linavyokaa moyoni usiku, watu wakiisha kulala.

Basi, mwaka ule mwanetu wa kwanza alipata Kipaimara katika mwezi wa Desemba, siku chache kabla ya Noeli. Tukaalika watu kadiri ya 40, Wakristo na Waislamu, maana katika kijiji chetu hakuna nyumba isiyo na jamaa wa pande zote mbili. Tukanunua mbuzi wawili, tukamwita mzee jirani yetu, Mwislamu, awachinje. Desturi hii ni ya zamani huku pwani: Mkristo akiwa na karamu, humpa kisu jirani yake Mwislamu, ili watu wote wale pamoja na mtu asiondoke na njaa. Mama alifika tangu jana yake. Alimwona mzee yule akichinja, alimsikia akilitaja jina la Mungu, alitazama tangu mwanzo hata mwisho, wala hakusema neno.

Siku ya karamu tulikuwa jikoni tukipakua, mara watoto wakaja mbio, wakasema, “Bibi anakula! Bibi anakula pilau!” Hatukutoka kwenda kumtazama, tusije tukamtia haya. Tulisimama pale pale, na mwiko ulikuwa ukitetemeka mkononi.

Sasa twarudi nyuma kidogo, kuieleza ile jeli. Tanuri hatuna, na seredani zetu mbili zilikuwa na kazi ya pilau na mchuzi. Tulitaka kitu kitamu kinachoweza kufanyizwa jana yake na kungoja. Tukanunua mjini paketi za jeli za rangi nyekundu. Paketi ilisema: yeyusha kwa maji ya moto, tia matunda, acha pagande. Tukakata mananasi mawili mabivu, tukayatia, tukaweka bakuli katika jokofu la jirani usiku kucha. Asubuhi tulikuta maji mekundu yenye vipande vya nanasi vinavyoelea. Tukadhani paketi ni mbovu, tukamnung'unikia mwenye duka, na hilo lilikuwa kosa letu maana duka halikuwa na hatia. Tukatuma kijana kununua nyingine, tukaifanya upya kwa machungwa na maembe, ikaganda vizuri kabla ya saa sita. Tukafurahi sana. Hatukuuliza kwa nini ya kwanza ilikataa, na ya pili ikakubali.

Ilipoletwa mezani, joto la Desemba lilikwisha anza kuilegeza pembeni. Mama akapewa kibakuli. Akakitazama kikitikisika, akatia kijiko, na kabla ya kukipeleka kinywani akauliza, kwa upole, kama mwanamke anayemwuliza mwenziwe habari za mapishi, “Hiki kimegandishwa kwa nini?”

Tukajibu, “Ni unga wa paketi, Mama.”

“Unga wa nini?”

Hatukujua. Mwalimu mmoja aliyekaa karibu akaiokota paketi, akaisoma, akasema kwa sauti, “Gelatini.” Mama akauliza, “Hiyo gelatini ni mti au ni mnyama?” Mwalimu akasema ni mnyama. “Mnyama gani?” Paketi haikusema.

Hapo jamaa mmoja aliinama akatunong'oneza, “Mwambieni ni ng'ombe, yaishe.” Hatutaficha, wasomaji wetu: neno hilo lilitufikia likiwa tamu kuliko jeli yenyewe. Mama alikuwa ameketi mezani petu, amekula wali wetu na nyama yetu, baada ya miaka 11, na neno moja dogo lingemwacha aendelee. Mmoja wetu alifungua kinywa, na yule mwingine hakujua kitakachotoka. Kilichotoka ni hiki: “Mama, hatujui. Labda ni ng'ombe, labda ni nguruwe.”

Mama akaweka kijiko chini. Akakifunika kibakuli kwa leso yake, akasema, “Ahsante kwa kuniambia, mwanangu.” Wageni Waislamu wote wakaviweka vibakuli vyao chini, mmoja baada ya mmoja, bila kelele. Yule mzee aliyetuchinjia alikuwa amekwisha kula nusu. Alikisukuma kibakuli mbali kidogo, akasema, “Nimekula nisipojua, na Mungu ni mwingi wa rehema,” akaanza kuzungumza habari za mvua, ili atuondolee aibu. Tumekwisha pokea wema mwingi katika maisha yetu, lakini mazungumzo yale ya mvua hatutayasahau.

Kesho yake Mama alirudi Pangani. Hakuwa na hasira, lakini hakusema atakuja tena lini.

Tulijiuliza sana: tuliangalia mbuzi, tukaangalia na kisu, tukaangalia na mchinjaji, imekuwaje tukasahau sukari na rangi? Sababu yake ni hii, kwamba tuliona kitu kitamu kisicho na harufu ya nyama, tukadhani si nyama. Basi tukaanza kutafuta habari, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Gelatini hupatikana kwa kupika ngozi na mifupa ya wanyama muda mrefu, mpaka ile nguvu inayoshikanisha ngozi na mshipa iyeyuke majini. Wanyama wenyewe huwa ni ng'ombe na nguruwe, na nyingine hutokana na samaki. Kwa macho haziwezi kutambulikana. Paketi nyingine huandikwa wazi ya kuwa ni ya ng'ombe, au ya kuwa ni halali. Lakini ile isiyosema neno, msimpe mgeni asiyekula nguruwe mkijidanganya kwamba yawezekana ni ng'ombe. Wala neno hili si la Waislamu peke yao. Ndugu zetu Wasabato hawali nguruwe, na Wahindu wengi hawali kitu cha mnyama aliyeuawa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho mambo marefu juu ya chakula na dhamiri ya mwenzio, na walimu wetu hutufundisha maneno hayo kila mara. Sisi tulikuwa tumeyasikia tukifikiri habari za sanamu na mahekalu ya zamani.

Habari ya nanasi nayo ilitufanya tucheke, maana dawa yake tulikuwa nayo jikoni siku zote. Mpishi gani wa pwani asiyejua ya kuwa nyama ngumu hulainika ikipakwa papai bichi? Papai lina kitu ndani ya maji yake kinachokata-kata nyama, na wataalamu hukiita papaini. Nanasi nalo lina cha kwake, huitwa bromelaini. Ndicho hicho kinachokuwasha ulimi ukila nanasi jingi. Na jeli ni nini ila ngozi na mifupa iliyoyeyushwa? Nanasi bichi likitiwa ndani, laikata kama papai likatavyo nyama ya mbuzi mzee, nayo haigandi hata ukiilaza katika barafu. Lakini nanasi likichemshwa kwanza, nguvu hiyo hufa. Na kwa ajili hiyo nanasi la kopo, ambalo limekwisha pikwa, haliharibu jeli. Machungwa na maembe hayakutusumbua. Basi tulimlaumu mwenye duka bure.

Idi ilipofika tulikwenda Pangani, watoto na sisi. Tulikuwa tukiogopa kidogo. Mama alitupokea kama siku zote, akatuandalia, na mwisho akaleta siniya yenye kitu cheupe, kimekatwa vipande vya pembe nne kama kashata, kimenyunyiziwa lozi. Kilikuwa baridi ingawa nyumbani kwake hakuna jokofu. Maana alikiweka penye upepo, juu ya sakafu. Kilikuwa faluda, ambayo kila mtu wa pwani aijua. Akatupa vipande, akasema bila kututazama, “Hiki hakina mnyama. Hiki ni mwani.” Kisha akaongeza, “Mkwe wangu, kesho asubuhi uje jikoni, nikuonyeshe.” Mkwewe akaenda, na mwanawe naye akaenda, akasimama mlangoni.

Kitu chenyewe huuzwa katika maduka ya viungo, na watu hukiita chaina-grasi, na wengine aga-aga. Chaweza kuwa nyuzi nyeupe nyepesi kama majani makavu, au unga. Hutokana na mwani mwekundu wa baharini. Si mwani ule ule ambao Waunguja huulima kwa biashara tangu mwaka 1989, na ambao kina mama wengi wamejipatia fedha zao wenyewe kwa huo. Ule hutoa kitu kingine kiitwacho karagini, kilicho ndugu ya huyu, nacho pia hutumika viwandani kugandisha na kuzitia uzito vyakula.

Tofauti yake na gelatini ni kubwa, hasa kwetu sisi tukaao katika joto. Gelatini huanza kulegea joto lifikapo kadiri ya digrii 30, nalo ni joto la baraza yetu mwezi wa Desemba. Aga-aga hushika yenyewe ikipoa kufika digrii 35 hivi, haihitaji barafu, na ikiisha kushika haiyeyuki tena mpaka joto lifike kadiri ya digrii 85. Tena kwa kuwa si nyama, nanasi haliwezi kuikata.

Na hapa twataka kusimulia habari moja iliyotufurahisha, ijapokuwa yatutoa jikoni kidogo. Katika Ujerumani alikuwako daktari, jina lake Walther Hesse, aliyefanya kazi pamoja na Robert Koch. Walikuwa wakiotesha vijidudu vya maradhi juu ya gelatini, lakini siku za joto gelatini iliyeyuka, na vijidudu vingine viliila na kuigeuza maji. Mkewe, Fanny Hesse, aliyezaliwa New York katika Marekani, alikuwa akitumia aga-aga nyumbani kugandishia jeli na vitu vitamu, maana alijifunza habari zake kwa watu waliopata kukaa Java. Mwaka 1881 alimshauri mumewe aijaribu kazini. Ikafaa. Mwaka uliofuata, 1882, Koch akautangazia ulimwengu kijidudu cha kifua kikuu, na tangu siku hizo hata leo maabara na hospitali huotesha vijidudu juu ya aga-aga. Kwa hiyo mama akiikoroga faluda yake, aikoroge kwa heshima.

Sasa kazi yenyewe. Mama alitufundisha faluda ya maziwa. Sisi tumeongeza matunda, naye amekubali, ila kwa masharti. Kipimo chetu ni cha siniya moja kubwa yenye kingo, na chatosha watu 20, kila mtu kipande kimoja kizuri. Huwa na matabaka mawili: la chini jeupe la tui, la juu la maji ya matunda, na vipande vya matunda vyaonekana ndani yake kama samaki katika maji safi.

Kwa tabaka la chini chukueni gramu 10 za nyuzi za chaina-grasi, mzikate kwa mkasi, mzilowekе katika nusu lita ya maji baridi nusu saa. Kisha zichemsheni katika maji yale yale juu ya moto mdogo, mkikoroga, dakika 10 au zaidi, mpaka usione uzi hata mmoja. Msiharakishe hapa. Uzi usioyeyuka hautayeyuka tena baadaye, nao mgeni ataupata mdomoni akidhani ni unywele. Wakati huo huo, katika sufuria ya pili, pasheni moto nusu lita ya tui zito la nazi mbili, pamoja na sukari gramu 150, chumvi kidogo sana, na iliki iliyotwangwa. Tui lisichemke kwa nguvu, lisije likakatika. Mwageni maji ya chaina-grasi ndani ya tui kwa kupitisha katika chujio, moto juu ya moto. Mkimwaga maji ya moto juu ya tui la baridi, yatashika papo hapo, mtapata madonge, na hakuna dawa ila kuyarudisha motoni.

Kisha koroga, na endelea kukoroga nje ya moto mpaka uone linaanza kuwa zito. Tui likimwagwa lingali la moto sana, mafuta yake hupanda juu na maji hukaa chini. Mwanetu wa pili ndiye akorogaye kwetu, naye huimba tenzi zote azijuazo, na zikiisha tui huwa tayari. Siniya ilowanishwe kwa maji kwanza, ndipo mmwage.

Tabaka la juu hufuata mapema, maana matabaka haya hayapendi kungojana. La chini likiisha kupoa kabisa na kukauka juu, la juu halitalishika, na siku ya kukata yataachana kama ndoa mbaya. Yafaa kumwaga la pili wakati la kwanza limeshika lakini lingali na uvuguvugu, ukiligusa kwa kidole laacha alama kidogo. Basi chemsheni gramu nyingine 10 katika nusu lita ya maji kama mwanzo, na nyuzi zikiisha kuyeyuka tieni sukari gramu 150. Ondoeni motoni. Hapo ndipo mtie nusu lita ya maji ya machungwa na makarakara, ambayo wengine huyaita pesheni, yaliyochujwa na kupashwa moto kidogo. Msiyachemshe pamoja na chaina-grasi, maana ukali wa matunda ukichemka pamoja nayo huivunja nguvu, na itakuwa laini isikatike.

Matunda yenyewe yawe yamekwisha katwa na kupangwa juu ya tabaka la chini: embe lisiloiva kupita kiasi, chungwa lililovuliwa ngozi yake ya ndani, papai gumu kidogo, ndizi iliyochovywa katika maji ya ndimu isipate kuwa nyeusi. Yafuteni kwa kitambaa safi, kwa sababu tunda lenye maji hujifanyia kisima pale lilipo. Wala yasitoke katika jokofu, maana maji ya chaina-grasi yakikuta baridi hushika kabla ya kuenea. Mwageni polepole, kwa upawa, si kwa sufuria, ili matunda yasikimbilie upande mmoja. Baada ya saa moja itakuwa imeshika; ikatwe kwa kisu chembamba kilicholowanishwa.

Mkitumia unga badala ya nyuzi, vijiko vidogo viwili kwa nusu lita hutosha mara nyingi, lakini paketi hazilingani kwa nguvu. Jaribuni kwanza: toneni kijiko kimoja juu ya sahani baridi, mngoje kidogo. Kikishika kwa unavyotaka, vema. Kikiwa kilegevu ongezeni unga ulioyeyushwa, na kikiwa kigumu kama mpira ongezeni maji ya moto.

Tulikosa mara nyingi kabla ya kufika hapa, na kosa moja lafaa kutajwa. Safari moja tulitumia maziwa ya ng'ombe mahali pa tui, tukatia nanasi bichi, kwa kuwa tulikwisha jua haliwezi kuikata aga-aga. Faluda ilishika vizuri sana, na jioni ikawa chungu isiyolika. Nanasi lilishindwa na mwani, likayashambulia maziwa. Tangu siku hiyo nanasi letu huchemshwa na sukari dakika tano kwanza, hata tukitumia tui.

Kitu hiki kifanyizwe siku ile ile ya karamu, asubuhi. Kikilala hutoa maji, na tui katika joto huchacha. Kilichobaki jioni wapeni majirani, msikiweke. Na nyumba isiyopata chaina-grasi isisikitike: bakuli la matunda yaliyokatwa, yakamwagiwa maji ya machungwa na sukari kidogo, na tui zito juu yake wakati wa kula, litawafurahisha wageni vile vile.

Siku ya Watakatifu Wote mwaka ule tulimbatiza mwanetu wa mwisho. Mama alifika siku mbili mbele. Kanisani hakuingia, nasi hatukumwomba. Alikaa nyumbani akilinda masufuria. Tuliporudi na mtoto, tulikuta siniya mbili zimefunikwa kwa kanga yake juu ya kinu penye upepo. Tulikuwa tumemwachia chaina-grasi na matunda tukisema tutafanya wenyewe tukirudi, naye hakungoja.

Wageni wakala wote. Yule mzee mchinjaji aliuliza, kwa mzaha, “Leo je?” Mama akamjibu kabla yetu, “Kula, mimi ndiye niliyeikoroga.” Akala vipande vitatu.

Mama mwenyewe alikula pilau, akala na kipande cha faluda mpaka mwisho, akalamba kijiko. Tulikuwa tukimwangalia kwa siri, kama watoto wamwangaliavyo mwalimu akisahihisha madaftari. Akafikiri kidogo, akasema iliki yetu ni ya zamani, haina harufu, na ya kuwa safari ijayo ataleta ya kwake.